Mtaro usiochimbwa vyema ni kaburi: Namna ya kuchimba na kufukia udongo Garissa na Kaskazini Mashariki

MTARO wa kupitishia bomba la maji, wenye kina cha mita 2 na upana wa kumtosha mtu mmoja kuinama, hauonekani kuwa mahali pa kutia hofu. Asubuhi kuta zake huwa zimesimama wima kana kwamba zimekatwa kwa kisu, nao vibarua huteremka na sululu zao bila wasiwasi wowote.

Alasiri mambo hubadilika. Jua la Garissa, ambalo mara nyingi hupandisha joto hadi nyuzi 36 za Selsiasi, huwa limekwisha kuufyonza unyevu uliokuwa ukizishikanisha chembe za mchanga. Ukuta hautoi hodi. Huporomoka kwa muda mfupi kuliko ule anaouhitaji mtu kuinua mguu na kukimbia.

Mita moja ya ujazo ya udongo huwa na uzito wa kati ya tani 1.5 na tani 2, yaani uzito wa gari dogo la abiria au zaidi. Mtu aliyefukiwa hadi kifuani anaweza kufa hata kama kichwa chake ki nje, kwa sababu kila anapotoa pumzi udongo hujaza nafasi iliyoachwa na kifua, naye hushindwa kuvuta pumzi nyingine.

Hiyo ndiyo sababu wataalamu wa udongo huhimiza kwamba uchimbaji na ufukiaji wa mitaro usichukuliwe kuwa kazi duni ya kuachiwa yeyote mwenye sepetu. Ni kazi ya uhandisi yenye kanuni zake, na katika maeneo ya Garissa, Wajir na Mandera kanuni hizo zina uzito wa pekee kutokana na hali ya ardhi na ya hewa.

Ujenzi waongezeka

Tangu serikali za kaunti zilipoanza kazi mwaka 2013, ujenzi umeongezeka katika miji ya Kaskazini Mashariki. Ofisi, hospitali, masoko na nyumba za kukodisha zimejengwa mahali palipokuwa vichaka vya migunga.

Mnamo Desemba 2019 kituo cha umeme wa jua cha Garissa, chenye uwezo wa takriban megawati 50, kilifunguliwa rasmi. Mwaka 2020 Benki ya Dunia iliidhinisha ufadhili wa mradi wa barabara ya kutoka Isiolo kupitia Wajir hadi Mandera, ambao pia unahusu ulazaji wa nyaya za mawasiliano kando ya barabara hiyo.

Miradi yote ya aina hii ina jambo moja linaloiunganisha: mitaro. Nyaya za umeme, mabomba ya maji safi, mabomba ya majitaka, mifereji ya mvua na misingi ya nyumba, yote huanzia kwa kuchimba na kuishia kwa kufukia.

Ijue ardhi kwanza

Pendekezo la kwanza la mhandisi wa udongo ni kwamba mkandarasi asiichimbe ardhi asiyoijua. Kabla ya kazi kuanza, yafaa mashimo ya majaribio yachimbwe kila baada ya umbali fulani kwenye njia ya mtaro, ili udongo wa kila tabaka uonekane na upimwe.

Katika kaunti hizi, kilomita chache hutosha kubadilisha kila kitu. Kandokando ya Mto Tana mjini Garissa, ardhi ni ya mchanga mwembamba na tope lililoachwa na mafuriko ya karne nyingi. Udongo huu ni rahisi kuuchimba, lakini ni mwepesi vile vile kuporomoka.

Mbali na mto hupatikana mchanga mwekundu uliokauka. Huu huonekana mgumu kwa sababu chembe zake zimeshikanishwa na chumvi na udongo mfinyanzi kidogo. Unapolowa maji kwa mara ya kwanza, ushikamano huo huyeyuka na ardhi hudidimia ghafla, hata kama hakuna mzigo mpya uliowekwa juu yake.

Kwingineko upo udongo mweusi wa mfinyanzi, ambao hupasuka nyufa pana wakati wa kiangazi na kufura wakati wa mvua. Udongo huu huinua sakafu, hupasua kuta na kuvunja mabomba. Aghalabu wahandisi hupendekeza uondolewe kabisa chini ya jengo na nafasi yake ijazwe maramu, au msingi uteremshwe hadi kwenye tabaka lisilobadilika.

Wajir ni hadithi nyingine. Mji huo umekaa juu ya mawe ya chokaa na jasi, na maji ya visima hupatikana kwa kina kifupi. Kwa miaka mingi wakazi walilazimika kutumia vyoo vya ndoo, kwa kuwa shimo la choo lingefikia maji yale yale yanayonywewa. Anayechimba mtaro huko hana budi kutarajia maji chini na mwamba kando.

Jasi ina hatari mbili. Huyeyuka inapopitiwa na maji, na hivyo haifai kutumika kufukia mahali patakapobeba mzigo. Aidha, ina salfeti zinazokula saruji ya kawaida polepole. Ndiyo maana hupendekezwa udongo na maji vipimwe kwenye maabara, na ikibidi itumike saruji maalumu inayohimili salfeti.

Kwa mwenye nyumba asiye na uwezo wa kulipia maabara, ipo njia nyepesi ya kuanzia. Tia udongo kwenye chupa angavu hadi nusu, ongeza maji, tikisa kwa nguvu kisha uiache itulie. Mchanga hutua chini kwa muda wa dakika moja hivi, tope hufuata kwa saa kadhaa, na mfinyanzi huweza kuchukua siku nzima au zaidi. Unene wa kila tabaka huonyesha ni udongo wa aina gani. Kipimo hicho hakichukui nafasi ya mhandisi, lakini humzindua mtu mapema.

Kuchimba bila kuzika watu

Swali la msingi ni hili: ukuta wa mtaro usimame vipi? Njia ziko tatu: kuulaza ukuta uwe mteremko, kuuchimba kwa ngazi ngazi, au kuuegemeza kwa mbao na miega ya chuma au miti.

Kanuni za Marekani, ambazo hurejelewa na wahandisi wengi duniani, hutaka mtaro wenye kina cha futi 5, yaani takriban mita 1.5, uwekewe kinga isipokuwa kama umechimbwa kwenye mwamba imara. Udongo mfinyanzi mgumu huruhusiwa mteremko wa nyuzi 53, udongo wa wastani nyuzi 45, na mchanga uliolegea nyuzi 34.

Nyuzi 34 maana yake ni kwamba kwa kila mita 1 ya kina, ukuta urudi nyuma mita 1.5. Kwa hivyo mtaro wa mita 2 kwenye mchanga wa Garissa, wenye upana wa sentimita 60 chini, utahitaji upana wa mita 6.6 juu. Katikati ya mji, penye maduka na barabara, nafasi kama hiyo haipatikani. Hapo ndipo mbao na miega inapokuwa lazima, wala si hiari ya mkandarasi.

Hata hivyo, kina kifupi si ithibati ya usalama. Fundi anayeunganisha mabomba hupiga magoti au kuinama, na mtaro wa mita 1.2 humfikia kichwani akiwa katika hali hiyo.

Udongo uliochimbuliwa usirundikwe ukingoni. Uwekwe umbali usiopungua sentimita 60 kutoka kwenye ukingo, na kadiri mtaro unavyozidi kwenda chini ndivyo umbali huo unavyofaa kuongezwa. Malori, mashine za kuchanganyia saruji na matangi ya maji yakae mbali zaidi, kwa kuwa uzito na mtikisiko wake husukuma kuta ndani.

Vile vile, mtaro wenye kina cha mita 1.2 na zaidi uwekewe ngazi za kupandia, na mfanyakazi yeyote asiwe mbali na ngazi kwa zaidi ya mita 7.5. Kupanda kwa kushika kingo za udongo ni kuujaribu ukuta kwa uzito wa mwili.

Mnyapara aukague mtaro kila asubuhi kabla mtu hajaingia, kisha tena mchana jua linapokuwa kali, na kila mara baada ya mvua. Dalili za kuangaliwa ni nyufa zinazokwenda sambamba na ukingo, mchanga unaochirizika ukutani, maji yanayochipuka chini na ukuta unaovimba. Yeyote atakayeona moja ya dalili hizo awatoe watu kwanza, kisha maswali yafuate.

Joto nalo ni adui. Ndani ya mtaro upepo haufiki, na kibarua hupoteza maji mengi mwilini bila kutambua. Kuchimba alfajiri na kupumzika adhuhuri huokoa nguvu za watu, na pia hupunguza saa ambazo watu huwa ndani wakati kuta zimekauka.

Usiku mtaro huwa mtego. Katika eneo la wafugaji, mbuzi na ngamia hupita popote, na watoto huwafuata. Pasipo na uzio wa kisasa, ua wa matawi ya miiba kama ule wa boma unatosha kuwazuia, mradi uzunguke mtaro wote.

Kwa wachimbaji wa visima ipo hatari nyingine isiyoonekana. Injini ya kupampu maji haifai kuteremshwa kisimani, kwani moshi wake una hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, ambayo huua haraka. Wahenga walisema mchimba kisima huingia mwenyewe, lakini hapakusemwa kwamba lazima abaki humo.

Maji yasiyotokana na mvua ya hapa

Garissa hupata mvua kidogo, takriban milimita 300 hadi 400 kwa mwaka, nyingi ikinyesha katika misimu miwili ambayo wenyeji huiita Gu na Deyr. Kutokana na uchache huo, baadhi ya wakandarasi hudhani kwamba maji si tishio kwao.

Dhana hiyo ni ya hatari. Maji ya Tana hutoka katika nyanda za juu za Mlima Kenya na Aberdare, na hupitia mabwawa ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Mabwawa hayo yanapofurika, mto hupanda Garissa hata siku ambazo mjini hakuna wingu.

Mafuriko ya mwishoni mwa mwaka 2023 na yale ya Aprili na Mei 2024 yaliufunga usafiri kati ya Garissa na Madogo, yakafurusha maelfu ya watu makwao. Mto unapopanda, maji ya chini ya ardhi hupanda pia, na mtaro ulio mamia ya mita kutoka ukingoni unaweza kuanza kujaa kutoka chini.

Hivyo basi, mkandarasi anayechimba karibu na mto anafaa kufuatilia matangazo ya mabwawa kama anavyofuatilia utabiri wa hali ya hewa. Pampu ziwepo kabla ya maji kufika, na mtaro uchimbwe kwa vipande vifupi vinavyoweza kufukiwa siku ile ile.

Katika kambi za wakimbizi za Dadaab, zilizoanzishwa mwaka 1991, somo hili limejirudia. Mashimo ya vyoo yaliyochimbwa kwenye mchanga bila kujengewa kuta huporomoka mafuriko yanapotokea, kama ilivyoshuhudiwa mwaka 2024, na uchafu wake huchanganyika na maji. Shimo la aina hiyo lafaa kujengewa kwa matofali au mapipa kutoka chini hadi juu.

Kufukia ni kazi, si kutupa

Wengi hufikiri hatari imekwisha bomba linapolazwa. La hasha. Mtaro uliofukiwa ovyo hulipiza kisasi baada ya miezi kadhaa. Ukijaza mtaro wa mita 2 na udongo uliolegea, nao ukashuka kwa asilimia 5 tu, utabaki na bonde la sentimita 10. Bonde hilo hukusanya maji, maji hulegeza udongo zaidi, na mwishowe bomba huvunjika au barabara hubomoka.

Kazi huanza chini. Bomba lilazwe juu ya tandiko la mchanga lenye unene wa sentimita 10 hadi 15, lisikae juu ya mawe. Pande zake zijazwe kwa mkono, pande zote mbili kwa pamoja, hadi sentimita 30 juu ya mgongo wa bomba. Mashine nzito isiguse sehemu hiyo. Kabla viungo havijafunikwa, bomba lijazwe maji na lipimwe kama linavuja.

Juu ya hapo udongo ujazwe kwa matabaka yasiyozidi sentimita 15 hadi 20, na kila tabaka lishindiliwe kabla ya jingine kuwekwa. Kushindilia juu tu baada ya kujaza mtaro mzima ni kujidanganya, kwa kuwa nguvu ya mashine ndogo haifiki chini.

Udongo wenye mfinyanzi hushindiliwa vyema kwa mashine inayorukaruka na kupiga. Mchanga nao hutaka bamba linalotetema, ili chembe zipangike. Takataka, mizizi, matope, mawe makubwa na udongo mweusi unaofura visirudishwe mtaroni.

Siri kubwa ya kazi hii ni maji. Mwaka 1933 mhandisi Ralph Proctor wa Los Angeles, nchini Marekani, alieleza kwamba kila udongo una kiwango chake cha unyevu ambacho kwacho hushindilika zaidi. Ukiwa mkavu mno, chembe hukataa kusogeleana. Ukiwa umelowa mno, maji huchukua nafasi ya udongo.

Kipimo chake hutumika hadi leo. Udongo hupigwa ndani ya mkebe kwa nyundo ya kilo 2.5 inayoangushwa mara nyingi kutoka urefu wa milimita 300, katika viwango tofauti vya unyevu. Uzito wa juu unaopatikana huwa ndiyo shabaha, na chini ya barabara au sakafu wahandisi kwa kawaida hudai angalau asilimia 95 ya shabaha hiyo.

Hapa ndipo Kaskazini Mashariki hupata mtihani. Chukua mtaro wa urefu wa mita 100, upana wa sentimita 60 na kina cha mita 1. Ujazo wake ni mita 60. Iwapo udongo una unyevu wa asilimia 3 nao unahitaji asilimia 10, na kila mita ya ujazo iliyoshindiliwa ina kilo 1,700 za udongo mkavu, basi zitahitajika takriban lita 7,100 za maji. Hilo ni tangi zima la lori, katika eneo ambalo familia huweza kutembea mwendo mrefu kutafuta mtungi mmoja.

Si ajabu, basi, kwamba maji ya kushindilia ndiyo huwa ya kwanza kufutwa kwenye bajeti. Lakini zipo njia za kuyapunguza. Udongo uliochimbuliwa ufunikwe kwa turubai ili usikauke, na mtaro ufukiwe mapema badala ya kuachwa wazi wiki nzima. Kazi ifanywe asubuhi. Mahali penye mchanga safi usio na mfinyanzi, mchanga huo huweza kutetemeshwa ukiwa mkavu kabisa, kwani ule unyevu wa nusunusu ndio huuzuia kushikana.

Maji ya chumvi ya baadhi ya visima huweza kutumika kulowesha udongo wa kufukia pale ambapo maji matamu ni adimu. Hata hivyo, yasitumike kuchanganyia zege yenye vyuma, kwa maana chumvi huviozesha.

Sheria yasemaje?

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 humtwika mwajiri wajibu wa kuhakikisha mahali pa kazi ni salama, na kuwapa wafanyakazi vifaa vya kujikinga bila kuwatoza. Mfanyakazi anapoona hatari kubwa inayokaribia hupaswa kumwarifu msimamizi wake, naye mwajiri haruhusiwi kumrudisha mahali hapo kabla ya hatari kuondolewa.

Kwa maneno mengine, kibarua anayekataa kuingia kwenye mtaro wenye nyufa si mkaidi. Anatumia haki yake.

Sheria nyingine ya mwaka huo huo, inayohusu fidia ya majeraha kazini, humtaka mwajiri awe na bima kwa ajili ya wafanyakazi wake. Nayo Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011, husajili wakandarasi. Mwenye mradi anayemwajiri mtu asiyesajiliwa ili aokoe shilingi chache huenda akazilipa maradufu ukuta ukiporomoka.

Suala la mashimo ya maramu halifai kusahauliwa. Barabara ikikamilika, mashimo hayo huachwa wazi, yakajaa maji ya mvua na kuwa mazalio ya mbu na mahali pa watoto kuzama. Mkandarasi anafaa kuyafukia, au kukubaliana na wenyeji yageuzwe kuwa mabwawa madogo ya mifugo, yakiwa na kingo zilizolazwa na ua wa kuyazunguka.

Gharama ya kupuuza

Mbao, miega, ngazi na lori moja la maji huonekana kuwa gharama kubwa siku ya kuandika bajeti. Gharama hiyo hupungua sana ikilinganishwa na ile ya kufukua bomba lililovunjika chini ya barabara mpya, au ya kuipelekea familia mwili wa kijana aliyetoka nyumbani asubuhi kutafuta riziki.

Mwenye nyumba anayetaka kuanza ujenzi msimu huu ana maswali machache ya kumuuliza fundi wake: Udongo huu ni wa aina gani? Kuta zitazuiwa na nini? Udongo utarudishwa kwa matabaka mangapi, na maji yatatoka wapi? Fundi akikosa majibu, sululu isiinuliwe kwanza. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika mtaro ufa huo huo mdogo wa ukingoni ndio hutangulia maafa.